Miguu Ikikimbia Bila Mwenyewe

Nina baiskeli ambayo haijawahi kufika popote. Niliinunua mtumba kutoka kwa jirani aliyekuwa anahama, tukaibeba watu wawili hadi orofa ya tatu, na tangu siku hiyo imesimama kati ya kitanda na dirisha ikitazama ukuta wa ploti ya pili. Kwenye usukani nimefunga kile kishikio cha simu cha watu wa bodaboda. Jioni saa moja napanda, naweka simu, nafungua gemu ya kandanda, naanza kukanyaga. Mechi moja inachukua kama dakika 10. Nikicheza nne, hizo ni dakika 40, na fulana imelowa chapachapa.

Sasa, nikishuka hapo ukiniuliza nimefanya nini, nitakuambia nimeshinda mbili, nimetoka sare moja, na moja nimenyimwa penalti ya wazi. Ukiniuliza kuhusu miguu, sina habari. Miguu ilikuwa huko chini na shughuli zake.

Kwa muda mrefu niliona huo ndio ujanja wenyewe. Mwili unapata haki yake, akili inapata raha yake, hakuna anayemdai mwenzake. Siku hizi sina uhakika huo. Kuna sababu, na nitaifikia. Lakini kwanza nataka tuliangalie swali lenyewe, kwa sababu nadhani wengi wetu tunaishi ndani yake bila kulitaja: ukifanya jambo jema huku akili yako iko kwingine, je, ni wewe uliyelifanya? Na kama si wewe, kuna ubaya gani?

Marehemu Leonard Mambo Mbotela alikuwa na kipindi cha redio kilichoitwa "Je, Huu ni Uungwana?" Wazazi wetu walilelewa nacho. Kilichukua tabia ndogondogo za watu, zile ambazo hakuna sheria inayozikataza, kikaziweka mezani tuzitazame. Hili langu lingefaa pale. Hakuna polisi atakayekuja kunishika kwa kucheza gemu nikiwa juu ya baiskeli. Lakini uungwana ni swali jingine.

*

Nilianza kwa sababu ya presha. Mwaka 2023, nikiwa na miaka 31, nilipita kwenye hema la vipimo vya bure nje ya supamaketi, nikaingia kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Dada wa kupima alifunga ile mpira mkononi, akasoma, akanyamaza, akafunga tena. 152 kwa 98. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia, nakaa. Alicheka, lakini nilikuwa nasema ukweli: kazi yangu ni kuandika manukuu ya video za watu wa mbali, saa 9 kwa siku, kiti kimoja. Baba yangu ana presha. Babu alikuwa nayo. Mimi nilikuwa nimejipanga tu kwenye foleni ya ukoo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi za kwangu zilikuwa zile za kwenda dukani kununua mkate na kurudi.

Kukimbia kulinishinda. Ni aibu kuandika hivyo katika nchi hii. Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 na ushee pale Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40; mimi nikitoka Roysambu hata Garden City sijaiona, nimeshika magoti kando ya barabara, watoto wa shule wananipita wakipiga stori. Nikajaribu jimu ya mtaani, kwenye ile mashine ya kukimbilia. Pumzi nilianza kuipata kidogokidogo. Kilichonimaliza ni kuboeka. Dakika 1 kwenye ile mashine ina sekunde mia tatu. Unaangalia saa, unaangalia ukuta, unaangalia saa tena, unaona imerudi nyuma.

Ndipo nikagundua simu. Wiki ya kwanza nilikanyaga mara 5. Mwezi wa tatu presha ilikuwa imeshuka hadi daktari akaniambia niendelee na chochote ninachofanya. Sikumwambia ninachofanya ni kufungwa mabao na watoto wa shule mtandaoni.

Kwa hiyo ukija kwangu na hoja kwamba hili ni jambo baya, anza hapo. Limenifaa. Pengine limeniongezea miaka.

*

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Katherine Milkman, na wenzake wawili walichapisha utafiti ambao ukiusoma utajicheka. Walichukua watu waliotaka kufanya mazoezi zaidi, wakawapa vitabu vya kusikiliza, vile vya hadithi tamu ambazo huwezi kuziacha katikati. Kundi moja liliweza kusikiliza vitabu hivyo jimu tu, kwa sababu kifaa chenye hadithi kilibaki kimefungiwa huko. Ukitaka kujua kilichompata mhusika, njoo utoke jasho. Mwanzoni kundi hilo lilienda jimu kwa asilimia 51 zaidi ya kundi ambalo halikupewa vitabu. Baadaye ikaja likizo, watu wakaenda makwao, na waliporudi ile nguvu ilikuwa imepungua sana.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuja mwishoni. Washiriki waliulizwa kama wangelipa pesa zao ili waendelee kufungiwa hadithi jimu. Asilimia 61 walikubali. Fikiria hilo kidogo. Mtu ana simu yake mwenyewe, anaweza kusikiliza kitabu popote, kitandani, kwenye matatu, lakini anatoa pesa ili mtu mwingine amfungie. Ni kama kumwachia jirani ufunguo wa kabati la biskuti na kumlipa kila mwezi.

Kuna wanaoona hapo udhaifu. Mimi naona mtu anayejijua. Anajua kwamba yule anayepanga usiku na yule anayeamka asubuhi si mtu mmoja, na kwamba yule wa asubuhi ni lazima ahongwe. Mimi gemu yangu ndiyo hongo. Na kama hongo inamfanya mla rushwa afanye kazi ambayo alipaswa kuifanya, basi hapo sheria imevunjwa au imetekelezwa? Sisi Wakenya tunalijua swali hilo kuliko tungependa.

*

Kabla hatujamhukumu mtu anayekimbilia simu akiwa juu ya mashine, ni haki tuiangalie mashine yenyewe.

Ile mashine ya kukimbilia ina babu yake, na babu huyo alikuwa askari jela. Karibu mwaka 1818 mhandisi wa Uingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye vidato la kuwekwa magerezani. Wafungwa walipanga mstari, wakapanda vidato, gurudumu likazunguka chini ya miguu yao, wakawa wanapanda ngazi isiyoisha kwa saa nyingi kila siku. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au kuvuta maji. Mahali pengine halikusaga chochote. Lilizungusha hewa tu, na watu wakasema wafungwa wanasaga upepo. Kati ya mfungwa na mfungwa ziliwekwa mbao ili wasionane wala wasiongee. Oscar Wilde, mwandishi, alipofungwa mwaka 1895 aliwekwa juu ya gurudumu la aina hiyo. Lilikuja kupigwa marufuku wakati karne ya 19 inaisha, kwa kuonekana ni ukatili.

Sasa jiulize ukatili ulikuwa wapi. Kupanda tu hakuwezi kuwa ndio ukatili. Watu wa Taita wanapanda milima yao kila siku na hakuna anayewahurumia. Ukatili ulikuwa ni kupanda bila kilima. Walimnyang'anya mtu njia, wakamnyang'anya mwenzake wa njiani, wakamnyang'anya mahali pa kufika, wakamwachia uchovu peke yake.

Halafu angalia baiskeli yangu. Haina njia. Haina mwenza. Haifiki. Tofauti yangu na mfungwa wa Cubitt ni kwamba mimi nimenunua adhabu kwa pesa zangu na nikaibeba ngazi tatu. Kwa hiyo akili yangu inapolia ipewe kitu cha kutafuna, siwezi kuiita mvivu. Inadai kile ambacho mashine iliondoa. Gemu imerudisha uwanja, imerudisha mpinzani, imerudisha dakika ya 90 ambapo jambo linaisha na unajua umefikaje.

*

Na mtu atasema, lakini hata mababu zetu hawakufanya kazi kimyakimya. Kweli. Kama ulisoma Kiswahili shule ya upili unazikumbuka hodiya, nyimbo za kazi, na pengine ulizikariri kwa ajili ya mtihani bila kuwahi kumsikia mtu akiimba moja. Watu walitwanga wakiimba, walilima wakiimba. Wavuvi walikuwa na kimai, nyimbo za baharini. Mchanganyiko wa kazi na burudani ni wa zamani kuliko umeme.

Hoja hiyo niliitumia miezi kadhaa kujitetea, mpaka siku moja nikaona inanisaliti. Wimbo wa kutwanga unafuata mchi. Mchi ukishuka, wimbo unashuka nao. Ukichoka, wimbo unapungua. Mwenzako akiongeza kasi, wimbo unapanda. Anayeimba hodiya hajaondoka kwenye kinu, ameingia zaidi.

Gemu yangu haijui kama nina miguu. Nikikanyaga kwa kasi, mshambuliaji wangu hakimbii haraka zaidi. Nikisimama, haulizi. Sasa, zipo gemu zinazojua. Konami walitoa Dance Dance Revolution mwaka 1998, ambapo unacheza kwa kukanyaga mishale sakafuni. Nintendo walitoa Ring Fit Adventure mwaka 2019. Bila kuchuchumaa huli chochote humo. Zwift, iliyoanza mwaka 2014, inakuweka kwenye barabara ya kwenye skrini, na baiskeli yako ya chumbani ndiyo inayomsogeza mtu wako. Ukilegea, watu wanakupita. Hizo ziko karibu na hodiya. Mguu umo ndani ya mchezo. Za kwangu mimi na za wengi wetu wenye simu na kishikio cha bodaboda ni kitu kingine: kazi iko chini, mchezo uko juu, na baina yao kuna dari.

Aristotle aliliona hili miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, na hakuwa na simu. Katika kitabu chake cha maadili anaeleza kwamba raha ya shughuli moja huiharibu nyingine. Mpenzi wa zumari, anasema, hawezi kufuata mjadala akisikia mtu anapuliza, sikio limeshaondoka. Kisha anatoa mfano ambao ungedhani ulitoka kwenye sinema ya hapa mjini: watu wanaokula vitu vitamu wakiwa kwenye tamthilia hula zaidi pale waigizaji wanapokuwa wabovu. Yaani ukitaka kujua ubora wa igizo, sikiliza watu wanatafuna kiasi gani.

Kwa kipimo hicho, gemu yangu inatoa ripoti kuhusu baiskeli. Inasema muigizaji ni mbovu. Hiyo ni habari ya kweli na sina ugomvi nayo. Ninachojiuliza ni hiki: nikizoea kutafuna kila igizo, nitajuaje siku ambayo muigizaji ni mzuri?

*

Nilimweleza rafiki yangu haya yote. Ni nesi wa zamu ya usiku, na yeye hukanyaga baiskeli ya jimu akicheza Candy Crush. Nilidhani tungeongea kama watu wawili wenye dhambi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia:

"Wewe una nafasi ya kuuliza kama uko. Mimi kila mtu kazini anataka niwepo. Mgonjwa anataka niwepo, daktari anataka niwepo, nikifika nyumbani mtoto anataka niwepo. Acha kuwe na dakika 20 mahali fulani ambapo sipo."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo naona hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huo. Sisi tunaoandika makala tunapenda kuhubiri kuhusu kuwepo. Kuwa hapa, sikiliza pumzi yako, hisi kila hatua. Mahubiri hayo mara nyingi yanatoka kwa mtu ambaye hakuna anayemwita. Anayesukuma mkokoteni kutoka Gikomba hahitaji kuambiwa ausikilize mwili wake. Mwili wake unapiga kelele siku nzima. Kuna kutokuwepo ambako ni mapumziko, na mapumziko ni haki ya mtu.

Kwa hiyo nililegeza swali langu. Sikuuliza tena kama ni vibaya kuondoka. Nilianza kuuliza: ukiondoka, unamwacha nani?

Jibu la kwanza nililipata kwenye goti. Goti la kushoto lilianza kuuma mwezi wa sita wa mazoezi, nami sikulisikia mpaka mwezi wa nane, kwa sababu kila lilipouma nilikuwa kwenye kona au kwenye shambulizi. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Morgan na Pollock, waliwahoji wakimbiaji wa mbio ndefu kuhusu wanachofikiria wakiwa njiani. Wengi wa kiwango cha kawaida walisafiri kwa akili: walijenga nyumba kichwani, walikumbuka utoto wao, chochote cha kuwatoa kwenye maumivu. Wale wa kiwango cha juu kabisa walibaki ndani. Walikagua pumzi, mapaja, nyayo, wakarekebisha. Sitaki kumgeuza bingwa kuwa mtakatifu. Yeye ana zawadi ya kumbakisha huko ndani, mimi nina goti. Ila nilielewa kitu. Mwili una msikilizaji mmoja tu duniani. Akiwa hayupo, taarifa zinaendelea kutumwa, hakuna anayepokea.

Jibu la pili ndilo ile sababu niliyosema nitaifikia.

*

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Kilimshika ushago, upande wa kulia ukalegea, na alipotoka hospitalini akaja kukaa nami kwa sababu ya kliniki. Fizio alitupa mazoezi ya nyumbani: asimame nyuma ya kiti, ashike mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, ainue mguu wa kulia, aushushe polepole. Mara 10, apumzike, mara 10 tena, mpaka seti 3. Na akasema mambo mawili ambayo niliyasikia vizuri kabisa. Moja, mzee autazame mguu anapouinua, auambie. Mbili, asisimame bila mtu kando yake.

Wiki za kwanza nilisimama kando. Halafu, unajua vile mambo huzoeleka. Jioni moja nikapiga hesabu: mzee ana mazoezi yake, mimi nina yangu, chumba ni kimoja. Nikaweka kiti chake hatua 2 kutoka kwenye baiskeli. Yeye akaanza kuinua, mimi nikaanza kukanyaga, na kwa kuwa nilikuwa nakanyaga, nikafungua gemu. Watu watatu ndani ya dakika 10: mwana mwema, mgonjwa wa presha na mchezaji. Nilijiona nimeupata mji kwa bei ya jumla.

Ilikuwa dakika ya 83. Nilikuwa naongoza 2 kwa 1.

Baba akasema, "Kijana."

Nikasema, "Niko."

Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, akasema tena, "Kijana."

Nikasema, "Niko, baba."

Mara ya tatu haikuwa neno. Ilikuwa sauti ya kiti kuburuzwa. Nilipogeuka alikuwa ameketi sakafuni, mkono mmoja bado umeshika mguu wa kiti, anatazama mbele kama mtu aliyekosea kituo cha matatu. Hakuwa ameumia, ila kiwiko kilichubuka. Nilimwinua, nikamkalisha, nikaleta maji. Nyuma yetu simu ilikuwa inashangilia. Kumbe yule mpinzani wangu alikuwa anaendelea, na kipa wangu amesimama tu.

Baba akanywa maji, akaniuliza, "Mlikuwa mnaongoza?"

Hakunigombeza. Hata siku hiyo haikupata kutajwa tena. Lakini mimi nilibaki na lile neno. Niko. Nilikuwa nimelisema mara mbili, kwa heshima, kwa sauti nzuri, na mara zote mbili lilikuwa uongo. Sikukusudia kudanganya, na hilo ndilo lililonitisha: mdomo ulijua kazi yake kama miguu ilivyojua yake. Niliweza kukanyaga bila kuwepo, nikaweza na kuitika bila kuwepo. Mafunzo ya miezi mingi yalikuwa yameenea mpaka kwenye ulimi.

Hapo ndipo naona ubaya, kama upo. Goti langu ni langu, nikilipuuza nitalipa mwenyewe. Lakini uwezo wa kuwa nusu mahali haubaki kwenye baiskeli. Unazoea kutoa nusu, na siku moja unampa nusu mtu aliyehitaji nzima, na hutambui kwa sababu mkono wako umeshasahau uzito wa nzima. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sikuwahi kufikiria kwamba ile moja inaweza kuwa ni mzee wako, taratibu, akishuka kuelekea sakafuni.

*

Ningeweza kuimalizia hapa, nikaonekana nimeongoka. Lakini baba aliniharibia.

Zamani, miaka ya tisini, alikuwa anatembea kutoka Kayole hadi Indaa kila asubuhi, na kurudi kila jioni, kwa sababu nauli ilikuwa chakula. Nimewahi kuwaambia watu habari hiyo kwa fahari, kana kwamba mimi ndiye niliyetembea. Kichwani mwangu ilikuwa ni mfano wa mtu mzima: hatua zake, barabara yake, mawazo yake. Kwa hiyo wiki chache baada ya kuanguka nilimuuliza alikuwa anafikiria nini njia yote ile. Nilitarajia hekima.

"Gari," akasema. "Nilikuwa nafikiria gari."

Halafu akacheka, akaongeza kwamba walikuwa wanatembea kikundi, kama watu 7, na mmoja wao alikuwa na redio ndogo ya betri. Ligi ikichezwa jioni walirudi nyumbani ndani ya mpira. Mwenye redio alitembea katikati ili wote wasikie. Siku ambayo betri zilikufa, barabara ilirefuka. "Kama ningekuwa na hiyo simu yako," akasema, "ningeicheza kutoka getini mpaka mlangoni."

Basi na mfano wangu ukaenda. Mzee naye alikuwa anakimbia barabara yake. Ila nimeigeuza ile redio kichwani mara nyingi, na naona haikuwa sawa kabisa na simu yangu. Ilibebwa katikati. Mmoja akijikwaa, wenzake walimwona. Iliwatoa kwenye uchovu, haikuwatoa kwa wenzao.

Bado nacheza. Nisikudanganye, presha yangu inaitaka hiyo baiskeli na baiskeli inaitaka hiyo gemu. Lakini nimeweka mipaka miwili. Dakika 10 za mwisho simu inazimwa, nakanyaga na goti langu tukiongea. Bado naboeka. Siku nyingine, katikati ya kuboeka, nasikia pumzi yangu imepata mwendo wake, na kwa muda mfupi muigizaji si mbovu sana. Na mzee akiwa amesimama nyuma ya kiti, mimi sipandi baiskeli.

Jumatano iliyopita, tukiwa seti ya pili, akaniambia niwashe simu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kuna mechi, nitafute redio, niweke sauti ya juu tusikie wote. Nikaiweka dirishani. Mimi nikasimama kando yake, mkono karibu na kiuno chake, nikihesabu. Yeye akainua mguu na mtangazaji akipandisha mpira wingi ya kulia. Fizio alisema autazame mguu, sikujua kama hii inaruhusiwa. Hesabu ilikuwa 6. Mpira ukafika kwenye boksi, mtangazaji akaanza kupiga kelele, na mguu wa kulia wa baba, ule uliokuwa hauwezi kukaa juu hata sekunde 2, ukabaki pale hewani, ukingoja kuona kama litaingia.